Amani ya Ngara na Daraja la Rusumo

Nabii Ibrahimu (A.S.) alipouombea mji wa Makka alitanguliza kuomba amani, ndipo akaomba riziki. Watu wa Ngara waijua sababu yake.

Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera. Kwa muda wa kama siku moja walivuka yapata watu 250,000, wakapiga kambi Benaco. Walipokewa, kwani mwenye njaa haulizwi kwanza makosa yake.

Lakini miongoni mwao walikuwamo waliomwaga damu. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alikuwamo Benaco. Alipotakiwa kuondolewa kambini mwezi wa Juni, maelfu ya watu walisimama kumtetea, hata watumishi wa misaada wakazingirwa. Alikamatwa mwaka 2002 huko Kongo-Brazzaville, na rufaani iliyoamuliwa mwaka 2012 ikampa kifungo cha miaka 40.

Serikali ilifunga mpaka Machi 1995, na Desemba 1996 askari wakawasukuma wengi warudi kwao. Hatusemi kwamba hapakuwa na dhuluma katika jambo hilo, maana wasio na hatia walisukumwa pamoja na wauaji. Lakini mwenyeji naye ana haki yake. Kwa miaka mingi baadaye, katika njia ya Biharamulo na Ngara, magari yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Na mama mwenye mtoto mgonjwa alingoja kwanza msafara ukusanyike.