Mshipa, Kidole na Kisigino: Lugha ya Kutoa Damu ya Vipimo, kwa Kurejelea Rujewa

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyotaja mahali mwilini panapotolewa damu ya kupimwa, na utata unaozuka neno moja linapobebeshwa dhana nyingi. Tunaurejelea mji wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kwa kuwa katika bonde la Usangu Wasangu huishi pamoja na Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na Wamasai. Katika mazingira hayo Kiswahili ndicho lugha ambayo aghalabu mgonjwa na mtaalamu huelewana kwayo.

Kitaalamu, damu nyingi ya vipimo hutolewa katika vena iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Vena hiyo iko karibu na ngozi, ukuta wake ni mwembamba, na msukumo wa damu ndani yake ni mdogo. Ateri ya kifundo cha mkono hutobolewa kwa nadra, hasa kupima gesi zilizomo katika damu. Damu ya kapilari hutolewa pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete. Kwa mtoto mchanga hutolewa kisiginoni, pembeni mwa wayo, ili mfupa usidhurike. Tofauti ya mahali si jambo dogo. Baada ya mlo, sukari katika damu ya kidole huzidi ile ya vena. Na kidole kikikamuliwa mno, damu huchanganyika na majimaji ya mwili.

Katika matumizi ya kawaida, tofauti hizo humezwa na neno *mshipa*. Mshipa ni vena, ni ateri, ni neva. Tena ni maradhi ya ngiri na busha. Vitabu vya sayansi vya shule vimetupatia *vena*, *ateri* na *kapilari*, lakini istilahi hizo hazijatoka darasani. Kwa maoni yetu, mgonjwa hazihitaji: akiambiwa "mkononi" au "kidoleni" ameelewa vya kutosha.

Utata mkubwa zaidi umo katika kitenzi. *Kutoa damu* ni kutoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, kinachohitaji takriban mikrolita 5; *kutoa damu* pia ni kujitolea katika Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambako hutolewa takriban mililita 450. Kitenzi kile kile kinabeba viwango vinavyopishana mara 90,000! Mtu aliyekulia katika masimulizi ya mumiani hawezi kulaumiwa akisita. Nako *kupima damu*, tangu UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, kumeelekea kumaanisha kupima virusi vya ugonjwa huo, hata pale anapotafutwa kimelea cha malaria tu.

Isidhaniwe kwamba lugha ni maskini. Waswahili walikuwa na *kuumika*, yaani kutoa damu kwa pembe iitwayo *chuku* (ndiko ilikotoka nahau ya *kupiga chuku*). Walikuwa na *kuchanja* na *kutoja*. Wafugaji wa Kimasai nao huujua vyema mshipa wa shingo ya ng'ombe, ambao huupiga kwa mshale maalumu wakakinga damu bila kumwua mnyama. Dhana ya kuchagua mahali kulingana na kiasi cha damu kinachotakiwa si ngeni kwao hata kidogo.

Tunapendekeza basi *kuchangia damu*, ambalo tayari limeenea katika kampeni, liachiwe wajitoleaji. *Kuchukua damu mkononi* litumike kwa vena. Na *kutoboa kidole* kwa tone. Kwa mtoto, *kuchoma kisigino* kuepukwe. Kuchoma ni kudunga, lakini pia ni kuunguza, na mama anayelisikia neno hilo akiwa amempakata mwanawe wa siku tatu hana wakati wa kupambanua maana. *Kutoboa kisigino kidogo* kunatosha, likifuatwa na idadi ya matone yatakayochukuliwa.