Shaba na Kazi ya Kupasua Maji

Ili molekuli mbili za maji zitoe molekuli moja ya oksijeni, hapana budi zinyang'anywe elektroni nne, na kani ya umeme itakiwayo haipungui volti 1.23. Kutokana na kazi hiyo hupatikana pia hidrojeni, nayo ni fueli safi, kwani ikiungua hurudi kuwa maji. Ugumu wote umo katika zile elektroni nne: zikitolewa moja moja bila mpango, nishati nyingi hupotea bure. Mimea ina kichocheo chake, fundo lenye atomu nne za manganizi. Wanakemia wamezoea kutumia rutheniamu na iridiamu, metali adimu zenye bei isiyosemeka.

Shaba, kinyume chake, ni metali ya kawaida. Msomaji wa Kolwezi hahitaji kuelezwa. Mkoa wake wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Tena atomu yake hutoa na kupokea elektroni kwa wepesi, na hicho ndicho kiini cha uchocheaji. Mwaka 2012 Barnett, Goldberg na Mayer wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba chumvi ya shaba ikichanganywa na bipiridini katika maji yenye alikali kali, huzalisha oksijeni kwa kasi ya mizunguko ipatayo 100 kwa sekunde. Lakini kasi hiyo ilidai takriban volti 0.75 za ziada, na hiyo ni kodi nzito. Mwaka 2015 kundi la Llobet, huko Tarragona, Hispania, liliivika shaba vazi jingine la kaboni na nitrojeni, vazi ambalo lenyewe hutoa elektroni likishirikiana na metali. Kodi ikashuka kutoka volti 0.70 hadi 0.17, ingawa kasi nayo ilipungua.

Kwa upande wa kaboni dioksaidi, ajabu kubwa ilitoka Leiden, Uholanzi, mwaka 2010. Bouwman na wenzake walieleza molekuli yenye atomu mbili za shaba ambayo, ikiwa hewani, huiacha oksijeni iliyojaa tele na kuikamata kaboni dioksaidi, ikiziunganisha molekuli zake mbili mbili kuwa oksalati.

Hata hivyo, liko swali linalowanyima wataalamu usingizi: je, ni molekuli ifanyayo kazi, au ni mabaki yake? Nguvu ile ile inayoyanyang'anya maji elektroni hulila pia vazi la shaba, na shaba iliyovuliwa huganda juu ya elektrodi kama utando wa oksidi. Jaribio la kwanza ni rahisi: elektrodi hutolewa, huoshwa, kisha hutiwa katika maji mapya yasiyo na shaba. Oksijeni ikiendelea kutoka, utando ndio mchochezi. Lakini jaribio hilo halitoshi daima. Mwaka 2018 ilibainika kwamba fthalosianini ya shaba, inapobadili kaboni dioksaidi kuwa methani, hugeuka vifundo vya shaba tupu vyenye upana wa nanomita 2 hivi, na umeme ukiondolewa huirudia sura yake ya awali. Anayeichunguza baada ya kazi huikuta molekuli nzima, kana kwamba haikuguswa.