Mikunde na Udongo Uliolishwa Sumu

Tarehe 25 Aprili 1998, ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Aznalcóllar, karibu na Sevilla nchini Hispania, ulibomoka. Tope lenye zinki, risasi, aseniki na kadimiamu liliufuata mto Guadiamar, likafunika zaidi ya hekta 4,000, mashamba yakiwemo. Malori yalizoa tope pamoja na tabaka la juu la udongo, lakini kilichokwisha kupenya hakizoleki. Kilimo kikapigwa marufuku, na watafiti wakaanza kujaribu mimea. Mmojawapo ni lupini, jamaa ya kunde na maharage.

Kwa nini mikunde? Udongo wa mgodini una sumu, ndiyo, lakini pia una njaa, na hili la pili husahaulika. Hauna mboji wala naitrojeni ya kutosha, kwa hiyo mmea wa kawaida hudumaa hata pale ambapo metali zisingeuua. Mkunde hujitafutia: bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Ng'oa mkunde unaoanza kutoa maua, upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijivu, mmea umefuga wapangaji wasiolipa kodi.

Kwenye udongo wenye metali nyingi, mara nyingi ni bakteria hao wanaoshindwa kabla ya mmea wenyewe. Ndiyo maana wataalamu huwatafuta palepale penye sumu. Les Avinières, mgodi wa zamani wa zinki na risasi kusini mwa Ufaransa, kumepatikana bakteria sugu kwenye vinundu vya mkunde uitwao Anthyllis vulneraria; mwaka 2009 walipewa jina Mesorhizobium metallidurans. Huko Hispania nako, lupini ya manjano iliyopandwa pamoja na bakteria sugu ilikua vizuri zaidi, na metali ndani yake zikapungua.

Zikapungua? Si tuliambiwa mimea hunyonya sumu? Usemi huo unafaa kwa mimea michache tu. Mikunde mingi huzishikilia metali mizizini na kuruhusu kidogo tu zipande majanini. Lupini nyeupe imeonekana pia ikipunguza ukali wa udongo wenye asidi, na ukali ukipungua, kadimiamu hushikamana na udongo badala ya kuyeyuka na kusafiri na maji. Sumu ipo bado, ila haitembei. Kwa risasi, naona hili ndilo lengo la kweli. Risasi hupanda kwa shida mno kwenye majani, na anayengoja mmea uimalize udongoni atasubiri vizazi. Wakati huohuo watoto wanavuta vumbi lake na kulilamba vidoleni. Ardhi iliyofunikwa na majani haipeperushi vumbi hilo.

Kuna vighairi. Anthyllis ileile ya Ufaransa hujaza zinki majanini. Na Katanga, nchini Kongo, kwenye vilima vya shaba, huota Crotalaria cobalticola, inayokusanya kobalti. Huyo ni ndugu wa marejea, mbolea ya kijani ambayo watawa Wabenedikto wa Peramiho, Tanzania, waliwahimiza wakulima kuipanda. Undugu hauleti uwezo uleule, lakini unaonyesha pa kuanzia: mikunde iliyojiotea yenyewe juu ya vifusi vya migodi yetu, pamoja na vinundu vyake.

Tatizo langu ni jikoni. Ndugu wengine wa marejea ni mboga. Wajaluo huwaita mitoo, Waluhya miro. Majani ya kunde nayo tunayala pande zote. Mahali kama Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi mtaani, hata jani lisilonyonya kitu hubeba vumbi ambalo kuosha hakuliondoi lote. Kwa hiyo mkunde wa kutuliza udongo usiwe ule ambao jirani atauchuma jioni, na eneo liwekewe uzio mbuzi wasiingie. Majani yanayopukutika yaozee palepale. Kuyakata na kuyapeleka shamba la mahindi kama mbolea ni kuihamisha sumu kwa toroli.