Haki, Wajibu na Mipaka kati ya Wenzi

Wenzi wanaopendana nao hugombana: juu ya fedha, malezi ya watoto na mambo ya ndugu. Dalili ya hatari ni hofu. Mmoja anapopima kila neno kabla ya kulitamka, afya ya wote wawili imo mashakani.

Haki. Kila mwenzi ana haki ya kusikilizwa, kwenda kliniki, kutumia dawa alizoandikiwa, na kukubali au kukataa tendo la ndoa. Ridhaa ya jana si ridhaa ya leo. Nchini Tanzania, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu.

Wajibu. Aliyegundulika kuwa na kaswende anapaswa kumweleza mwenzi wake, kwani akitibiwa peke yake anaweza kuambukizwa upya. Aliyeelezwa naye ana wajibu wa kwenda kupima badala ya kulaumu.

Mipaka. Kumuuliza mwenzi atarudi saa ngapi ni kujali. Kumpekua simu, kumnyang'anya mshahara, kumkataza kuwaona wazazi wake au kumtupia vidonge vya uzazi wa mpango ni kumtawala. Mara nyingi mambo hayo hutangulia kipigo au huambatana nacho.

Kwa mhudumu wa afya. Mgonjwa mwenye majeraha yasiyolingana na maelezo, au ambaye mwenzi wake humjibia kila swali, aonwe akiwa peke yake. Wala ndugu asitumiwe kuwa mkalimani. Asikilizwe bila kulaumiwa, wala asishinikizwe kuihama nyumba, kwa kuwa hatari huweza kuongezeka wakati wa kuondoka. Mhudumu apange naye njia za usalama, kisha amwelekeze kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kwa aliyelazimishwa kujamiiana. Hata kama aliyetenda ni mwenzi wa ndoa, afike kituo cha afya mapema. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na zile za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Ni vyema asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, ili ushahidi usipotee. Aliyekwisha kuoga naye aje: huduma ni haki yake vilevile.