Mzima Naye Hupimwa

Mzee mmoja wa hapa Karatu alinijia baada ya sala ya alasiri. Mwanawe alikuwa akiposa, na wakwe watarajiwa wamesikia kwamba ndugu yake, baba mmoja mama mmoja, ana maradhi ya selimundu. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu wangu ni mzima tangu utotoni. Je, haitoshi?"

Nikamjibu: "Mzee wangu, wazazi wazima wakizaa mtoto wa selimundu, aghalabu hujulikana kuwa kila mmoja wao anabeba urithi wake. Basi kila mimba yao ina mafungu manne yaliyo sawa: moja la kuugua, mawili ya kubeba urithi bila ya kuugua, na moja la kusalimika kabisa. Mwanao amekwisha kukua mzima, basi fungu la kuugua tuliondoe. Yamebaki matatu, na mawili katika hayo ni ya kubeba. Uzima wake haukupunguza shaka hiyo, bali umeizidisha kutoka nusu hata theluthi mbili."

Hesabu hii, ya kuipima dhana upya kila ijapo habari, hunasibishwa na Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761, na maandishi yake yakatolewa mwaka 1763. Kwa hesabu hiyo Frédéric Piel na wenziwe wa Oxford walichora ramani ya urithi wa selimundu duniani mwaka 2010. Na mwaka 2013 wakakadiria kwamba watoto wapatao 312,000 walizaliwa na namna yake iliyo kali katika mwaka 2010. Barani Afrika, ramani ile iliafiki aliyoyaona Anthony Allison nchini Kenya mwaka 1949: urithi huu ni mwingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, penye malaria, na ni adimu milimani, kwani aubebaye kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria kali.

Wako wasemao, "Sisi tu watu wa nyanda za juu za Ngorongoro, hayatuhusu." Lakini urithi hufuata nasaba, haufuati makazi, na humu mjini wamo waliotoka pwani na ziwani.

Wala theluthi mbili si hukumu. Kipimo cha damu ndicho kikatacho shaka. Na abebaye, akioana na mtu asiye na kasoro yo yote ya damu ya namna hiyo, hawazai mtoto wa selimundu.

Mzee aliondoka kimya. Juma lililofuata kijana na mchumba wake walikwenda kupimwa, kabla ya siku ya nikahi kuwekwa.