Je, Melatonini Inatibu Macho ya Wazee?

Ni mimi muuguzi wako wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu. Leo tunazungumza juu ya macho ya wazee tunaowatunza nyumbani.

Hivi majuzi mama mmoja alimleta mama mkwe wake kliniki. Nyanya huyu ana presha ya macho, yaani glakoma, na alikuwa amepewa dawa ya matone ya kutia kila jioni. Lakini kwa miezi miwili hakuwa ameyatia. Kwa nini? Mtu alimuuzia tembe za melatonini, akamwambia zinaponya macho ya uzee. Nyanya alilala vizuri, kweli. Lakini alipopimwa, presha ya macho ilikuwa imepanda, na alikuwa ameanza kujikwaa kwenye viti vilivyo kando yake. Mama, uwezo wa kuona ukishapotea kwa glakoma haurudi. Ndiyo sababu nimeonelea tulizungumzie jambo hili.

Melatonini ni nini? Ni homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo huitoa, nao mwili hujua kwamba ni wakati wa kulala. Daktari Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliitambua mwaka wa 1958 kutoka kwa tezi za ng'ombe. Tunapozeeka, melatonini hupungua.

Sasa, inahusiana vipi na macho? Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, unaopokea picha ya kile tunachokitazama. Utando huu hufanya kazi nyingi na hupigwa na mwanga mchana kutwa, kwa hiyo hujikusanyia taka zinazochoma seli zake. Retina yenyewe hutengeneza melatonini kidogo, na melatonini husaidia kupunguza taka hizo. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kujiuliza kama tembe zake zinaweza kuwalinda wazee.

Mwaka wa 2024, watafiti wa Marekani walichunguza rekodi za hospitali za watu wengi wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Waliona kwamba wale waliowahi kutumia melatonini walipata kwa uchache zaidi ugonjwa wa kuharibika kwa makula, yaani kile kitovu cha retina tunachotumia kusoma na kutambua nyuso. Hiyo ni habari ya kutia moyo. Lakini rekodi pekee si uthibitisho. Huenda waliotumia melatonini walikuwa pia wakijitunza zaidi kwa njia nyingine. Kwa hiyo melatonini bado si tiba ya ugonjwa wowote wa macho.

Basi tiba ni ipi? Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Hakuna tembe inayomwondoa. Glakoma huzuiwa kwa matone ya kila siku, na wengine hufanyiwa upasuaji au kutibiwa kwa miale ya leza. Ugonjwa wa makula wa aina inayovuja damu huzuiwa kwa sindano ya jicho, na ni muhimu kuwahi mapema.

Mfanyie nyanya kipimo hiki nyumbani. Avae miwani yake kama anayo, afunike jicho moja kwa kiganja, atazame fremu ya mlango. Kisha abadilishe jicho. Mstari ulionyooka ukionekana umepinda, au kukiwa na doa jeusi katikati, mpeleke kwa daktari wa macho bila kungoja.

Na kama tayari anameza melatonini? Usimgombeze. Beba pakiti uionyeshe kliniki. Melatonini haipatani vyema na dawa za kuzuia damu kuganda, na baadhi ya dawa za presha na za kifafa. Pia huleta usingizi mzito. Nyanya akiamka usiku kwenda choo cha nje, anaweza kuanguka.

Kabla sijakuaga, kumbuka haya:

1. Asiache matone ya macho bila kuambiwa na daktari.
2. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka.
3. Asivute sigara, moshi huharibu makula.
4. Mpikie sukuma wiki, mchicha na kunde. Zina virutubisho vinavyofaa retina.
5. Glakoma hufuata ukoo. Watoto wa kuzaa wa nyanya huyo nao wapimwe, na mmojawapo ni mume wako.

Yule nyanya amerudia matone yake. Mjukuu wake wa darasa la tano ndiye humtilia kila jioni kabla ya chakula. Nawe, leo jioni, muulize nyanya wako anaonaje.