Wimbo wa leo: shajara ndogo kwa mama aliyejifungua na kwa mlezi

Kliniki ya mama na mtoto huanza kwa salamu kama mahali pengine popote. "Habari za tangu juzi?" Jibu ni "Nzuri," au "Tunamshukuru Mungu." Hata mtu anayetoka kuzika husema nzuri kwanza, halafu ndipo anaongeza "ila..." na kueleza yaliyompata. Kwa mama aliyejifungua, hiyo "ila" mara nyingi haipati nafasi. Foleni ni ndefu, mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inajazwa. Mama anaondoka, na hakuna aliyejua kwamba ana wiki tatu analia usiku.

Makala haya yanaeleza njia moja ndogo ya kuifikia hiyo "ila" mapema. Kila siku unaandika kwenye simu wimbo mmoja uliokugusa na kwa nini umekugusa, kisha unamtumia mtu mmoja au wawili unaowaamini. Baadhi yetu tunaiita shajara ya nyimbo. Haigharimu zaidi ya bando la meseji, wala haihitaji ujuzi wa kuandika. Na niseme mapema: si tiba. Inasaidia wewe na watu wako kuona hali yako ikibadilika kabla haijawa mbaya.

Kwa nini wimbo?

Mwambie mama aandike "leo najisikiaje" na wengi watakwama, au wataandika ile ile "nzuri". Mwulize ni wimbo gani umemkaa kichwani tangu asubuhi, atakujibu papo hapo. Na akishautaja, yanayofuata huja yenyewe: nani alikuwa akiuimba, walikuwa wapi, mbona leo umemliza.

Jambo hili si geni kwetu. Waliokua na redio nyumbani wanakumbuka kadi za salamu: mtu anachagua wimbo, anawataja ndugu na marafiki, na wote wanaosikiliza wanajua fulani bado yupo na anawakumbuka. Shajara ya nyimbo ni salamu za namna hiyo, ila hizi hazisomwi hewani, na unaruhusiwa kusema ukweli.

Utafiti nao una la kusema. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika mambo mazito yaliyowapata pamoja na hisia zao walisononeka zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo usishangae machozi yakikutoka unapoandika siku za mwanzo. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusisha akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua. Miongoni mwa waliokuwa na dalili za kati hadi kali, wale waliokutana na kuimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10 walianza kupata nafuu haraka kuliko waliopata huduma za kawaida tu. Huko Gambia, vikundi vya Kanyeleng, vya wanawake waliohangaika kupata mtoto au waliofiwa na watoto, vimeshirikiana na watafiti kuwaimbisha wajawazito kwa wiki sita ili kuwapunguzia msongo. Tafiti hizi mbili zilihusu kuimba pamoja, si kuandika. Ndiyo maana nasisitiza kushirikisha wengine. Shajara inayobaki kwako peke yako inafanya nusu ya kazi.

Unaandika nini hasa?

Mistari miwili au mitatu inatosha: wimbo gani, ulikuwa unafanya nini, ulikufanya uhisi nini. Wimbo wowote unafaa, uwe kaswida, pambio, taarab, bongo fleva, wa unyago, wa shuleni, wa kubembeleza mtoto, hata wa tangazo la sabuni. Ukiwa huna wimbo, andika "leo hakuna". Usiiache siku hiyo bila chochote, maana "hakuna" nayo ni habari.

Chukua mfano wa mama mwenye mtoto wa wiki tatu:

Jumatatu. Wimbo wa kubembeleza aliokuwa akituimbia bibi. Maneno ya katikati nimesahau, nimetunga yangu. Mtoto amelala, mimi sijalala.

Jumatano. Wimbo wa harusi yetu, jirani kaufungulia. Nimelia jikoni, sijui kwa nini.

Ijumaa. Hakuna.

Jumamosi. Hakuna. Redio imeniudhi, nimeizima.

Wengi wakisoma hapo wataishikilia Jumatano, kwa sababu ya machozi. Mimi ningeangalia Ijumaa na Jumamosi. Kulia kwa ghafla ni jambo la kawaida kwa mzazi katika siku za mwanzo. Huzuni hiyo huanza mara nyingi siku chache baada ya kujifungua na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Sonona hukaa zaidi ya hapo, na moja ya dalili zake kuu ni mtu kupoteza hamu ya vitu alivyovipenda. Mama aliyekuwa hawezi kufua bila redio, leo redio ni kero. Hakuna kipimo cha damu kitakachoonyesha hilo, lakini mistari minne kwenye simu imeonyesha.

Siku moja ya "hakuna" isikutie hofu. Pengine mtoto alikuwa na homa, pengine umeme ulikatika na ulichoka tu. Unachotazama ni mfululizo.

Na hili si tatizo la wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 kati ya kila 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Wengi huambiwa wanadeka, au wamerogwa, au hawampendi mtoto. Sonona ni ugonjwa na unatibika.

Umtumie nani?

Hapa ndipo watu huharibu. Wengi wakisikia kushirikisha wimbo hufikiria kuuweka "status". Lakini sisi tunajuana. Weka wimbo wa taarab pale saa mbili usiku, na kufika asubuhi wifi ameshauliza umemkusudia nani. Nyimbo zetu zina mafumbo, na mafumbo kila mtu huyavaa kwa kipimo chake. Huzuni yako itasomwa kama kijembe, na utatumia siku nzima kujieleza badala ya kupumzika.

Chagua mtu mmoja, wasizidi watatu. Anaweza kuwa dada, shoga yako wa siku nyingi, mama mdogo, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaani kwenu ikiwa mnaelewana. Zungumzeni kabla ya kuanza. Mpokeaji asijibu kwa mahubiri wala kwa "vumilia, sote tumezaa". Ajibu kwa wimbo wake wa siku hiyo, au aulize swali moja. Na mkubaliane hili: zikipita siku tatu za "hakuna", au za kimya kabisa, atapiga simu, na usipopokea atakuja. Makubaliano haya ndiyo yanayoifanya shajara iwe kinga. Anayezama katika sonona kwa kawaida haombi msaada, kwa hiyo isitegemewe kwamba yeye ndiye atakayepiga.

Huhitaji simu kubwa. Meseji ya kawaida kutoka kwenye kitochi inatosha, na jina la wimbo halili bando kama wimbo wenyewe. Usiambatanishe picha za mtoto. Andika mchana unaponyonyesha. Ukifungua simu saa nane usiku kwa ajili ya mistari miwili, unajikuta saa tisa bado unaperuzi, na usingizi wa mzazi ni mdogo tayari. Kama simu ni ya familia nzima, au kuna mtu nyumbani anayekupiga au kukutisha na ambaye husoma meseji zako, usiandike humo. Msimulie unayemwamini uso kwa uso, na ukija kliniki mwambie muuguzi mkiwa wawili tu.

Mtoto naye anasikia

Akina mama wengine huniuliza kama wamwekee mtoto nyimbo kwenye spika. Sauti yako inamtosha, hata kama kwaya ilikukataa. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, na akizaliwa anaitambua sauti ya mama yake miongoni mwa sauti nyingine. Mwimbie kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu, taratibu, ukimtazama usoni. Kwa aliyezaliwa njiti na anayebebwa kwa njia ya kangaruu, imba kwa sauti ya chini sana, na unyamaze ukiona anageuza uso au anakunja kipaji. Usiweke simu inayopiga muziki karibu na sikio lake. Ukikosa wimbo wa kuandika kwenye shajara, andika huo uliomwimbia.

Lini shajara haitoshi?

Nenda kituo cha afya au zahanati ikiwa huzuni, wasiwasi au kukosa hamu kumezidi wiki mbili, ikiwa huwezi kulala hata mtoto akiwa amelala, huli, au unajiona huna maana kwa mtoto wako. Beba simu au daftari. Wauguzi na madaktari katika nchi nyingi hutumia dodoso la Edinburgh, lililotungwa mwaka 1987, ambalo limetafsiriwa pia kwa Kiswahili. Lina maswali 10, na yote yanahusu siku saba zilizopita. Nani anakumbuka siku saba zilizopita akiwa analala vipande vipande? Soma mistari yako ya wiki hiyo kabla hujaitwa. Swali la mwisho huuliza wazi kuhusu mawazo ya kujidhuru. Lijibu kwa ukweli. Kuulizwa hakumpandikizii mtu wazo hilo, na kulikubali hakumaanishi utanyang'anywa mtoto. Matibabu yapo ya mazungumzo, na zipo dawa zinazotumika huku mama akiendelea kunyonyesha, kwa hiyo usiache kunyonyesha kabla hujauliza.

Zipo dalili zisizongoja wiki mbili. Mama anasikia sauti au nyimbo ambazo wengine hawazisikii, hajalala siku kadhaa na hahisi uchovu, anasema mambo yasiyoeleweka, anaamini mtoto amebadilishwa au ana nguvu fulani, au anafikiria kujiua au kumdhuru mtoto. Hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na asiachwe peke yake na mtoto. Wewe unayepokea meseji zake, ukiona maneno ya namna hiyo, usijibu kwa wimbo. Mwendee.

Kwa mnaouguza wazee

Shajara hii inawafaa pia wanaotunza mzazi aliyeanza kupoteza kumbukumbu, ingawa hapo unaandika kwa niaba yake. Nyimbo ambazo mtu alizisikia ujanani, tangu balehe hadi miaka ya ishirini na kitu, ndizo hudumu zaidi kichwani. Mzee wa miaka 80 aliyekulia Tanzania pengine hatakumbuka alichokula asubuhi, lakini mpigie Cuban Marimba, Morogoro Jazz au NUTA Jazz, na unaweza kuona mguu unaanza kutikisika. Andika wimbo, saa, na alivyofanya: alitulia, aliimba, alikula, au alikasirika. Zipo nyimbo zinazomrudisha kwenye msiba, nazo ziandikwe ili zisipigwe tena.

Mnapopokezana zamu, tumianeni mistari hiyo kwenye kikundi cha ndugu. Anayekuja wikiendi atajua ni wimbo gani unamtuliza bibi wakati wa kuogeshwa, saa ambayo wengi hupata naye shida, na yule kaka aliye mbali anayetuma hela tu atajua kazi ya kutunza ikoje. Anayeshinda na mzee kila siku aongeze mstari mmoja wa kwake, wimbo wake mwenyewe wa siku hiyo, au "hakuna". Na kwenye kikundi ateuliwe mtu mmoja wa kuusoma huo mstari, kwa sababu wengine watasoma ya bibi na kupita.